Tiketi Ikitoka Mkononi, Ijulikane Iko kwa Nani

Kwaya nyingi za hapa Dar es Salaam zikitaka kupaua kanisa, kununua kinanda au kurekodi nyimbo, wazo la kwanza kutajwa kikaoni ni tamasha lenye kiingilio. Ni wazo zuri. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kwaya ya usharika, na nimeona matamasha yaliyojaza ukumbi mpaka watu wakasimama ukutani, halafu Jumatatu hesabu ikipigwa kilichobaki hakinunui hata bando moja la bati. Tiketi zilikuwa zimetoka zote. Fedha ndizo hazikurudi.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, pigeni hesabu ya gharama bila kujidanganya. Tuseme ukumbi, vyombo vya muziki, jenereta ya akiba, usafiri na chakula cha kwaya alikwa vinafika shilingi 2,400,000, na kiingilio ni 10,000. Hapo watu 240 wa kwanza wanalipia gharama tu. Paa linaanza kuchangiwa na mtu wa 241. Kamati ikiiona namba hiyo ubaoni, mazungumzo yanabadilika palepale.

Ndiyo maana nasisitiza gharama zitafutiwe wafadhili mapema, kipande kipande. Mwenye duka la jumla aombwe maji, mwenye basi aombwe usafiri, mzee wa kanisa mwenye uwezo aombwe ukumbi. Mtu huwa mwepesi kubeba kitu kimoja anachokiona kuliko kuombwa mchango wa jumla. Gharama zikishabebwa, kila tiketi inayouzwa inakwenda kwenye paa, na mnaweza kumwambia mnunuzi hivyo mkimtazama usoni.

Kariakoo wachapaji ni wengi na bei inazungumzika, lakini msikubali tiketi isiyo na namba na kishina, yaani kile kipande kinachobaki kitabuni tiketi ikichanwa. Sisi tunachapisha vitabu vya tiketi 50, namba ileile ikiwa kwenye tiketi na kwenye kishina. Muhuri wa kwaya tunaupiga juu ya mstari wa kuchania, nusu ibaki kishinani na nusu iende na mnunuzi. Ni kazi ya jioni nzima, wino unapaka vidole, lakini tiketi ikitiliwa shaka mlangoni unachukua kishina chake, unazikutanisha zile nusu mbili, na ubishi unaisha.

Halafu kuna daftari, na hapa sina mzaha. Kila anayechukua tiketi aandikwe jina, simu, namba ya kwanza na ya mwisho, kisha asaini. Awe mwanakwaya, awe mwenyekiti, awe mama mchungaji. Watu wakubwa wakisaini kwanza mbele ya wengine, hakuna mdogo atakayeona anashukiwa.

Msigawe tiketi kumikumi kwa kila mtu kwa sababu ya usawa. Wapo watakaozilaza kwenye pochi mpaka siku ya tamasha. Yupo pia dada mmoja, kila kwaya inaye, anayejuana na wanavikoba wenzake, wapangaji wenzake na wateja wa saluni yake, atakayemaliza kitabu kizima akiachiwa. Anzeni na tiketi tano tano. Anayeleta fedha anaongezewa, asiyeleta haongezewi, na hakuna haja ya kumsema. Mahesabu yafanyike kila wiki baada ya mazoezi, si siku ya mwisho. Fedha ikikaa muda mrefu mkononi mwa mtu mwenye mtoto anayeumwa au kodi inayodaiwa, mnamtia majaribuni bure. Na tiketi zisizouzwa zirudi siku tatu kabla ya tamasha, zihesabiwe upya.

Tarehe nayo inauza au inaua. Januari wazazi wana ada. Katikati ya mwezi vyuma vimekaza kwa kila mtu. Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara ndiyo yetu. Kama mnafanyia uwanjani, epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, na andikeni kwenye tiketi kwamba mvua ikiharibu itatumika siku nyingine.

Tukija kwenye simu: siku hizi wengi hawatembei na fedha taslimu, kwa hiyo muwe na Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, si laini ya mtu. Mnunuzi akiona jina la kwaya kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, moyo unatulia. Mkilazimika kutumia laini ya mweka hazina, tangazeni wazi kama bei ni pamoja na ya kutolea, kwa sababu mia chache chache zikikatwa kwenye kila tiketi zinatoboa mfuko. Msipokee ujumbe wa muamala ulio kwenye simu ya mnunuzi kama ushahidi. Meseji inaweza kutengenezwa. Angalieni salio la kwenu.

Na msitume picha ya tiketi WhatsApp mkadhani mmeuza tiketi moja. Picha moja inaweza kuingiza watu sita. Aliye mbali atumiwe namba ya tiketi tu, jina lake liandikwe kwenye orodha ya mlangoni, akifika akatwe kwa kalamu.

Mlangoni wekeni watu wawili wasio ndugu, mmoja anachana, mwingine anaandika. Kiingilio cha mlangoni kiwe juu, kwa mfano 15,000, na kitangazwe tangu mwanzo, maana kuna rafiki zetu wengi wa “nitakuja tu, nitalipa palepale” ambao mvua ikinyunya hutawaona. Tiketi za bure za wageni rasmi zipangwe na kamati kwa majina, zigongwe muhuri wa BURE na ziingie daftarini kama nyingine. Ahadi zinazotolewa siku hiyo kipaza sauti kikiwa moto ziandikwe ukurasa wake. Ahadi si mapato mpaka ilipwe.

Ninayasema haya kwa mkazo kwa sababu namjua anayenunua. Mama wa maandazi anayetoa 10,000 ametoa faida ambayo pengine ameitafuta tangu alfajiri, na hakuitoa ili asikie kwaya peke yake. Anataka kanisa lake liezekwe. Ana haki ya kujua fedha yake imefika.

Kwa hiyo Jumapili inayofuata someni taarifa ibadani: tiketi zilizochapwa, zilizouzwa, za bure, zilizorudi, fedha taslimu, fedha ya simu, gharama, kilichobaki. Jumla ya tiketi zilizouzwa, za bure na zilizorudi lazima ilingane na zilizochapwa. Isipolingana, semeni namba zipi hazijulikani ziliko na mnazifuatilia vipi. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, vishina vifungwe pamoja na daftari na kukabidhiwa ofisi ya usharika kwa ajili ya mkaguzi. Bati zikinunuliwa, risiti yake nayo ibandikwe palepale, chini ya ile taarifa.