Msomaji Auliza: Tunataka mtaa wetu Kariakoo upendeze, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nina fremu ya vitenge Kariakoo, nimeachiwa na mama. Mdogo wangu anaishi Atlanta Marekani, juzi kanitumia picha za mtaa unaitwa Auburn Avenue, anasema ndo ulikuwa mtaa wa biashara wa watu weusi toka enzi za ubaguzi, saivi mpaka treni ya mjini inapita, nikatamani kwakweli. Huku kwetu mvua ikinyesha wateja wanaruka madimbwi, mtaro hauna mfuniko, masika iliyopita mteja wangu mjamzito alitumbukia mguu mzima. Majirani tumekubaliana tuandike barua ila hatuelewani, wengine wanataka vitofali na mataa, wengine wanasema mtaa ukipendeza kodi ya fremu itapanda tutaondoka sisi. Tuombe nini?
Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Pole sana dada yangu, na huyo mama mjamzito natumaini alipona salama.

Hao wanaoogopa kodi msiwapuuze, wana hoja, na huo mtaa wa kwenye picha ndo ushahidi kwamba mtaa unaweza kuja kupendeza wenyewe walishaondoka. Auburn Avenue ulijengwa na watu kama Alonzo Herndon, kazaliwa mtumwa 1858, akawa kinyozi, akafungua saluni zake halafu 1905 akaanzisha kampuni ya bima iliyokuja kuwa kubwa kweli, pembeni yake makanisa, benki, gazeti, yaani mtu mweusi akifungiwa milango kwingine pale anapata kila kitu. Kufika miaka ya 1960 serikali ikapitisha barabara kuu juu kwa juu ikaukata mtaa vipande viwili, na ubaguzi wa kisheria ulipoisha wengi wakahamia kwingine. 1976 mtaa ukapewa heshima ya kuwa alama ya historia ya taifa, lakini 1992 ukaingizwa kwenye orodha ya sehemu za kihistoria zilizo hatarini kupotea. Miaka 16 tu baada ya heshima! Treni aliyoiona mdogo wako imeanza mwisho wa 2014, wakati wengi wa wale wenye mtaa walishaondoka zamani.

Nyie bado mpo, ndo mtaji wenu huo. Kariakoo nayo haikupewa na mtu, wakoloni waligawa mji kwa rangi, Wazungu baharini, Wahindi katikati, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi, sisi tukawekwa ng'ambo yake huku walipokuwa wamepiga kambi wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, jina likageuka Kariakoo. Humohumo watu wakajenga nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele, na baraza ile ndo ilikuwa duka, kijiwe na ofisi. TANU imezaliwa hapo Lumumba 1954. Soko lenyewe kalichora Mtanzania, Beda Amuli.

Sasa barua. Namba moja mtaro, na ningekuwa mimi ningeandika ukurasa mzima wa mtaro peke yake, maana vitofali ukivipanga juu ya mtaro uliokufa masika ya kwanza tu vinabonyea na maji yanaingia dukani. Ombeni uzibuliwe, upimwe unamwaga wapi (usiishie kumwagia mtaa wa pili), na uwekwe mifuniko ya zege inayoinulika ili usafishwe, mfuniko uliozibwa moja kwa moja ni balaa.

Halafu njia. Mtaa wenu unatumiwa na kuli mwenye mzigo kichwani, guta, bodaboda, machinga na mama mwenye mtoto mgongoni, wote kwenye upana uleule, kwa hiyo semeni wazi magari ya mizigo yashushe usiku au alfajiri, na machinga wachorewe mstari wa meza zao wabaki, msiandike waondolewe tafadhali, hao ndo wanaoleta watu. Kivuli pia, mti mmoja wa mkungu au turubai za kufanana mbele ya fremu, jua la saa saba mteja hasimami. Taa ni sawa, ila mwanga wa kuonea njia kwanza.

Ujenzi waombeni wafanye upande mmoja mmoja, wiki chache chache, maana mtaa ukifungwa wote miezi mitatu kuna fremu hazitafunguka tena. Na kuhusu kodi kaeni na wenye nyumba kabla barua haijaenda, mkubaliane mikataba ya miaka kadhaa kwa maandishi, baada ya vitofali hakuna atakayewasikiliza.

Barua pelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aipitishe kwa diwani, barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Ambatanisheni picha za mtaro siku ya mvua, na kila mwenye fremu asaini jina na namba ya fremu yake, machinga nao wasaini.