Mwanangu, kuhusu bendera kanisani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama uhame usharika huo wa Texas, kwa kuwa bendera ya Marekani imesimama kando ya mimbari, na Jumapili ya kuelekea Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, mliimbishwa nyimbo za taifa badala ya tenzi. Niliposoma tu, nikakumbuka isale la babu yako, lile jani ambalo sisi Wachagga huombea msamaha.

Unajua alivyonuniana na mdogo wake kwa ajili ya ule mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Siku ya harusi yangu alikuja na jani la isale mkononi, limefungwa fundo, amwombe nduguye msamaha mbele ya madhabahu. Mzee wa kanisa akampokonya mlangoni: "Ushirikina tuliuacha, mzee." Ilikuwa wiki ya Krismasi. Ndani, mti umepambwa kwa pamba za kuigiza theluji, desturi ya Wajerumani, na hakuna aliyeuita ushirikina. Babu akakaa benchi la mwisho, mikono mitupu. Hadi leo nikisimulia, koo linanikaba.

Ndiyo maana sichoki kuwaambia: Yesu hakuzaliwa Leipzig. Wamisionari wa Leipzig, mji wa Ujerumani, walifika huku mlimani Kilimanjaro mwaka 1893 na Injili, nami namshukuru Mungu kwa hiyo Injili. Lakini mizigo yao mingine tuliipokea bila kuichambua.

Utaniuliza, basi isale lina tofauti gani na bendera? Swali hilo limeninyima usingizi. Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari wao aliyekuwa Old Moshi hadi 1938, alitaka ukoo na ujirani wetu vipate nafasi kanisani, na nampenda kwa hilo. Ila miaka hiyohiyo, kwao Ujerumani, mapenzi ya taifa yaliingiza swastika, alama ya Wanazi, makanisani, hadi Wakristo waliokutana mjini Barmen mwaka 1934 wakatamka kwamba kanisa halina bwana mwingine ila Kristo. Kumbe mila hulewesha. Hata yetu. Hapana, bado naona tofauti: isale hubebwa na mtu anayejishusha. Bendera huwataka watu wajivune. Hata maneno "chini ya Mungu" Wamarekani waliyaongeza kwenye kiapo chao cha utii kwa bendera mwaka 1954, wakishindana na wakomunisti. Yesu hakuzaliwa Leipzig, wala Texas.

Kuhama au kubaki, sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha. Washarika hao ndio waliokupikia ulipojifungua, sisi tukiwa mbali. Muulize mchungaji wako kwa upole: mkimbizi kutoka Kongo akiingia Jumapili ile, ataimba nini? Kisha uniandikie alivyojibu.

Baba yako