Maswali ya Wasomaji: Programu Nafuu ya Kuhariri Picha Ghafi

SWALI: Ndugu mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mpiga picha ninayeanza, nipo Ujiji, Kigoma. Nimenunua kamera ya mtumba aina ya Canon EOS 1200D, na kazi zangu kubwa ni harusi, pamoja na picha za wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa kule Kibirizi. Mpiga picha mmoja mzoefu alinishauri niache JPEG, nipige picha ghafi (RAW). Nimefanya hivyo kwa miezi miwili, lakini kila nikizifungua kwa programu niliyorushiwa na mwenzangu naziona zimepauka kuliko zile za mwanzo. Kompyuta yangu mpakato ina RAM ya GB 4, na bando langu ni la kuungaunga. Sasa kuna rafiki anayetaka kuniuzia Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, kwenye flashi kwa shilingi 10,000, anasema imeshavunjwa (crack) na haidai malipo. Je, niichukue, au ipo programu nyingine ya bei nafuu inayomfaa mtu anayeanza?

Msomaji wa Ujiji

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Flashi hiyo usiichukue, na shilingi 10,000 zako zibaki mfukoni. Kwa kamera uliyo nayo, programu ya kuanzia imeshalipiwa ndani ya bei ya kamera yenyewe: inaitwa Digital Photo Professional, hutolewa na Canon kwa wenye kamera zake bila malipo, na unaposhusha kutoka tovuti yao unaweza kuombwa namba ya kamera iliyochapwa chini ya mwili wake. Kwa kuwa kamera yako ni ya mtumba, hakikisha namba hiyo bado inasomeka, kisha iandike mahali pa kudumu.

Kabla ya kuzilinganisha programu, niondoe kwanza hilo linalokusumbua la picha kupauka, maana wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye JPEG wakidhani kamera yao ina hitilafu. Faili ghafi haijawa picha bado. Ni kumbukumbu ya mwanga ulioingia kwenye kihisi cha kamera, nukta kwa nukta, kabla haujapikwa. Unapopiga JPEG, kamera huipika yenyewe papo hapo: huongeza rangi, hukoleza weusi, hunoa kingo, kisha hutupa kile ilichoona hakihitajiki. Kamera yako hurekodi faili ghafi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila nukta, wakati JPEG hubakiwa na ngazi 256 kwa kila rangi. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo kwenye picha iliyotoka sawa. Utaiona siku unapolazimika kuinua uso wa mtu aliyesimama kivulini, kwani JPEG huanza kuvunjika na kutoa mabaka, ilhali faili ghafi huinuka taratibu na ngozi ikabaki ngozi.

Nikupe mfano wa kwenu hapohapo. Bibi harusi amesimama chini ya mwembe saa nane mchana, nyuma yake jua linawaka juu ya ziwa. Mwanga unaomfikia usoni umepita kwenye majani, kwa hiyo una ukijani, na shela jeupe linauchukua ukijani huo zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kwenye JPEG, ukiondoa ukijani kwenye shela, mara nyingi ngozi inageuka kuwa ya zambarau. Kwenye faili ghafi unachukua kifaa cha kuchotea rangi kilichopo sehemu ya uwiano wa weupe (white balance), unabofya pindo la shela lililo katika kivuli kilekile alichosimama yeye, na programu inapiga hesabu upya kwa picha nzima: shela linakuwa jeupe, hina inarudia wekundu wake, na uso unapata uhai. Usibofye sehemu ya shela inayopigwa na jua moja kwa moja, kwa sababu mwanga wa pale ni mwingine. Kazi hiyo ni ya sekunde chache, na ukiielewa vizuri utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida ya kupiga picha ghafi.

Yapo pia ambayo faili ghafi haiwezi kuyaokoa. Dagaa walioanikwa mchanga wa Kibirizi jua la utosini wanameta kama vipande vya kioo, na pale mwanga ulipozidi uwezo wa kihisi katika rangi zote tatu hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, itakayorudisha magamba ambayo kamera haikuyaona. Kwa picha za namna hiyo punguza mwanga kidogo wakati wa kupiga, itazame grafu ya mwanga (histogram, inayoonyesha kiasi cha giza na mwanga katika picha) kwenye kioo cha kamera, kisha uinue vivuli ukifika nyumbani. Afadhali picha iliyo na giza kidogo kuliko iliyoungua.

Sasa nieleze kwa nini ninakuelekeza kwanza kwa programu ya Canon, ingawa wapiga picha wengi huidharau. Inaijua kamera yako. Ukifungua faili ndani yake, picha huja na rangi zilezile ambazo kamera ingezitoa kwenye JPEG, kwa hiyo mpauko ule hutauona, nawe unaanza kujifunza ukiwa na kitu kinachopendeza mbele yako badala ya kuanza na kitu kinachokuvunja moyo. Vitelezi vyake ni vichache na kila kimoja kina kazi inayoeleweka. Mabadiliko unayoyafanya huandikwa kama maelekezo ndani ya faili, wala hayagusi data ya picha, hivyo hata ukikosea vipi unaweza kurudi mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba haifungui faili ghafi za kamera za kampuni nyingine, na kwenye kompyuta ya GB 4 itakwenda polepole. Hifadhi kazi kila baada ya picha chache, hasa kama betri ya kompyuta yako imechoka, kwani umeme ukikatika usichokihifadhi kinapotea. Mwenzako mwenye Nikon naye ana NX Studio, na mwenye Sony ana Imaging Edge Desktop, zote bila malipo, na ushauri wangu kwao ni huuhuu.

Kaa na programu hiyo kwa harusi nne au tano. Ninasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimewaona vijana wenye programu sita kwenye kompyuta moja ambao hawajamaliza kuijua hata moja, na kila wiki wanauliza ipi ni bora zaidi.

Ukishafika mahali ambapo unajua unachokitaka na programu inakukatalia, hapo ndipo ugeukie programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Mbili ndizo zenye uzito: RawTherapee na darktable. Zote ni za bure kabisa, hazina tangazo wala muda wa majaribio, zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na zinafungua faili za kamera nyingi sana, ikiwemo yako. Kuzishusha kunahitaji MB mia chache tu mara moja, kisha unaweza kufanya kazi mwezi mzima bila intaneti, jambo ambalo kwa mtu wa bando la kuungaunga lina thamani kubwa.

Kati ya hizo mbili, kwa kompyuta yako ningechagua RawTherapee. Faili ghafi ikifunguliwa humo, programu ina uwezo wa kuisoma JPEG ndogo ambayo kamera huificha ndani ya faili ghafi, kisha kulinganisha mwangaza wa picha yako na ile, kwa hiyo huanzii kwenye giza. Pia ni hodari wa kuondoa chenga (vidoadoa vinavyojitokeza gizani) kwenye picha za usiku, na wewe mwenye kupiga wavuvi wakitoka na taa zao utaihitaji sana. Mabadiliko yake hukaa katika faili dogo lenye jina la picha na mwisho wa pp3, na ukinakili picha kwenda diski nyingine bila faili hilo, kazi yako yote ya uhariri inabaki nyuma.

Darktable ina nguvu zaidi katika jambo moja litakalokuvutia: ukichora duara kuzunguka uso wa bibi harusi, unaweza kuuangaza uso peke yake bila kuligusa shela. Lakini ina vifaa vingi vinavyofanya kazi zinazokaribiana, kiasi kwamba anayeanza hajui ashike kipi, na kwenye RAM ya GB 4 isiyo na kadi ya michoro itakuchosha. Iweke akiba hadi utakapoongeza RAM kufika GB 8. Kompyuta nyingi za mtumba huruhusu kuongezewa RAM, na fundi atakuambia baada ya kuifungua mfuniko.

Kuhusu Lightroom, sitaki nikuambie kuwa ni mbaya, kwa sababu si kweli. Ni nyepesi kujifunza, imeenea duniani, na mafunzo yake yamejaa kila kona. Tatizo ni mfumo wa malipo: tangu Lightroom 6 ya mwaka 2015 Adobe haijatoa toleo jingine la kununua mara moja, na anayeitaka sasa hulipia usajili kwa kadi. Usajili ukiisha kwenye Lightroom Classic, picha zako bado utaziona na kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Kwa mwenye harusi kila wiki gharama hiyo inabebeka. Kwa anayeanza, ambaye mwezi wa Ramadhani au wakati wa mvua anaweza kukaa wiki kadhaa bila kazi, ni mzigo usio wa lazima.

Ile iliyovunjwa kwenye flashi ni habari nyingine kabisa. Aliyeivunja alifungua mlango wa programu, na hujui nini kingine alikiacha ndani. Virusi vikila diski yenye harusi za watu, utawaeleza nini? Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayoilinda programu ile, ndiyo inayozilinda picha zako wewe. Siku duka fulani litakapoichukua picha yako ya dagaa na kuibandika kwenye mifuko yake bila ruhusa, utataka kuisimamia sheria hiyo ukiwa na mikono safi.

Fedha unayoiokoa kwenye programu ipeleke kwenye diski ya nje. Faili ghafi moja ya kamera yako ni karibu MB 25, hivyo harusi ya picha 500 inakula kama GB 12 na nusu. Ukinunua diski ya GB 1,000 utaweka harusi zaidi ya 70, na ukipata ya pili uiweke nyumba nyingine, kwa dada au kwa mama, si kwenye begi lilelile la kompyuta.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi nipo Tabora, ninauza asali na ninaipiga picha kwa simu ya Android kwa ajili ya wateja. Sina kompyuta. Je, nami nahitaji picha ghafi?

Mfugaji nyuki, Tabora

JIBU: Ndugu yangu, kwa sehemu kubwa hapana. Simu nyingi za sasa huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo ili kutoa JPEG moja safi, na faili ghafi ya simu hiyohiyo mara nyingi huonekana mbaya zaidi kwa sababu haikupitia kazi hiyo. Lakini asali ina shida yake: ikiwa ndani ya chupa chini ya taa ya manjano ya ndani ya nyumba, rangi yake hubadilika kabisa, na mteja akiipokea atadhani umempa nyingine. Kama kamera ya simu yako ina sehemu ya kitaalamu (Pro) inayohifadhi faili za DNG, yaani aina ya faili ghafi, piga hizo, kisha zifungue kwa Snapseed, programu ya Google isiyolipiwa, ambayo kwenye Android hufungua DNG na kukuruhusu kurekebisha uwiano wa weupe kabla ya mengine yote. Weka karatasi nyeupe kando ya chupa katika picha ya kwanza ili upate kipimo. Na kama simu yako haina sehemu hiyo, zima taa, toa chupa nje barazani asubuhi, uiweke kivulini jua likiwa nyuma yake, na JPEG itakutosha.