Boti ya kulala kwa likizo ya pwani: uliza kwanza imefungwa wapi

Umeuliza kama boti ya kulala inafaa kwa likizo ya pwani ukiwa na watoto wadogo. Inafaa, ila kabla hujalipia uliza: imefungwa gatini au imetia nanga? Ya gatini mara nyingi hupata umeme na maji kutoka nchi kavu. Iliyotia nanga hutegemea tangi na jenereta, na hata mkate ukiisha mnapanda kidau kwenda kuufuata.

Nyingi ni bapa upande wa chini, kwa hiyo hutulia kwenye hori au ghuba iliyokingwa. Nje kwenye mawimbi huyumba vibaya, na picha za tangazo hazionyeshi hilo. Tazama pia mwezi. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana, na boti ikishuka chini ya gati ngazi huwa mwinuko mkali kwa mtoto.

Binafsi jenereta hunitia wasiwasi kuliko mawimbi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huweza kujikusanya upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, palepale watoto wanapopenda kuogelea. Ikiwa inanguruma, asiingie mtu majini nyuma ya boti. Vyumba vya kulala viwe na king'ora cha gesi hiyo, na hakikisha umekijaribu kabla ya usiku wa kwanza. Majaketi ya kuokolea yawe ya saizi ya watoto. La mtu mzima humchomoka.

Choo? Kina tangi dogo, usitupe humo vitambaa vya kupangusia mtoto.