Juisi ya mabibo: ukakasi, rangi ya kahawia na povu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kikundi chetu cha akina mama hapa Newala kinakamua juisi ya mabibo (matunda ya mkorosho) msimu wa korosho. Inakereketa koo, jioni inageuka kahawia, kesho yake inatoa povu. Tumeichemsha muda mrefu lakini ukakasi uko palepale. Tufanyeje bila kupoteza vitamini?

Jibu: Marahaba. Ukakasi huo ni wa tanini, kemikali za mimea ambazo hushikana na protini za mate mpaka ulimi ukakauka. Kuchemsha hakuziondoi. Kinachopotea ni vitamini C, na hiyo ndiyo mali ya bibo: gramu 100 huwa na takriban miligramu 200, ilhali chungwa lina kama 50. Mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 kwa siku.

Kamueni mabibo siku ileile yalipoanguka. Korosho itoeni kwa kuzungusha uzi wa nailoni pale inapoungana na tunda, msipasue ganda. Mafuta ya ganda yana asidi anakadiki na kadoli, huunguza midomo. Yakiingia kwenye juisi, imwageni yote. Kamueni kwa kuminya, kwani mkisaga tunda zima kwenye blenda mnatoa tanini nyingi zaidi za kwenye ngozi.

Papo hapo tieni vijiko 2 vya chakula vya maji ya ndimu kwa kila lita. Rangi ya kahawia huletwa na vimeng'enya vya tunda vikikutana na hewa, na ukali wa ndimu huvipunguza nguvu. Tumieni vyombo vya chuma kisichoshika kutu: chuma cha kawaida hukutana na tanini kikaleta weusi, na shaba huharibu vitamini C haraka.

Sasa ukakasi. Kwa lita moja, pikeni gramu 5 za wanga wa muhogo (wanga uliochujwa, si unga wa ugali) kwa maji kidogo uwe uji mwepesi. Uacheni upoe kabisa, mkoroge ndani ya juisi, kisha iacheni kwenye friji hadi kesho. Wanga hunasa tanini na kuzama nazo. Mimineni juisi ya juu taratibu, mashapo yabaki. Uji ukiwa wa moto hufanya mabonge, na bila friji juisi itachachuka kabla haijatulia. Jelatini, protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, hufanya kazi upesi zaidi: anzeni na nusu gramu kwa lita, iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu. Kwa wateja Waislamu, nunueni ya ng'ombe yenye alama ya halali.

Ila msiondoe ukakasi wote. Tanini ni miongoni mwa polifenoli, kundi la kemikali za mimea zinazokinga seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni, na juisi iliyosafishwa kupita kiasi huzipoteza. Mimi ningeacha ukakasi kidogo unaovumilika. Na kwenye lebo msiandike kwamba inatibu kisukari au shinikizo la damu.

Povu ni hamira ya asili. Pasheni juisi hadi nyuzi 85 kwa dakika 5, pimeni kwa kipimajoto, mjaze ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, karibu na mdomo. Fungeni, zilazeni dakika chache ili joto lifike kwenye kifuniko, kisha mzitunze gizani.

Makapi yaanikeni siku hiyohiyo. Ng'ombe hula, lakini changanyeni kidogo tu na majani, maana tanini nyingi humzuia kufaidi protini ya chakula chake.