Neno "shoga" midomoni mwa watoto wetu: maswali ya wasomaji na majibu

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari michache wavulana niliowakuta kwenye foleni ya feri ya Likoni, wakimwita mwenzao shoga kwa kuwa alijikinga mvua kwa leso ya mamake. Nilidhani habari imepita. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilizowahi kupata kuhusu karo au mitihani, nami leo najibu sita, nikiwa nimezifupisha na kuondoa majina.

Mwanangu wa miaka 13 humwita mdogo wake "shoga" kila anaposhindwa gemu. Nikimkanya hunijibu kwamba ni utani tu, hana maana yoyote. Nimweleze vipi? (Mama, Kisauni)

Mwulize kwanza utani ni nini. Kwetu utani una watu wake: babu na mjukuu, mabinamu, shemeji na shemeji, na sharti lake ni kwamba unayemtania anaweza kukurudishia mkacheka nyote. Mdogo wake wa miaka tisa hana la kumrudishia.

Kisha mtume akae na nyanya yake alasiri moja na kusikiliza tu. Atamsikia akimwita jirani "shoga yangu", kwa sababu neno hilo kwa wanawake wa pwani ni la mapenzi, la mtu unayeweza kumwekea siri na pete yako ya dhahabu. Mwanamume anapoitwa hivyo kwa dharau, anachoambiwa hasa ni kwamba amekuwa kama mwanamke. Kwa hiyo kijana wako anapolitoa kama tusi, anakutukana wewe, nyanya yake na dada zake pamoja na huyo mdogo aliyemshinda gemu. Sidhani amewahi kulitazama hivyo.

Usimpige. Nilipokuwa nikifundisha niligundua kwamba swali "unamaanisha nini?", likiulizwa bila ukali na mwulizaji akasubiri jibu, lilifanya kazi kuliko kiboko. Mtoto hunyamaza, hutazama chini, mwishowe husema "namaanisha ni mwoga" au "amenihadaa". Basi na aseme hivyo.

Shikamoo Bi. Niko kidato cha tatu. Sichezi mpira, na alfajiri humsaidia mama kukaanga mahamri ya kuuza. Darasani wananiita jina hilo tangu mwaka jana, na kila nikikana ndipo linapozidi. Nifanyeje? (Mvulana, Likoni)

Marahaba, mwanangu. Umeshaona mwenyewe kwamba kukana hakusaidii, na sababu yake ni kwamba wanaokuita hivyo hawaulizi swali linalongoja jibu. Wanataka kuona uso wako ukibadilika. Ajabu ni kwamba hao hao, harusi ikifika mtaani, husimama karibu na wanaume watu wazima wanaokoroga pilau kwenye masufuria makubwa, na hakuna anayewaita chochote, ila kila mtu anaomba ukoko. Kazi yako ya alfajiri haina kasoro, nami sitakushauri uiache ili kuwaridhisha.

Nina deni katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyeshona kofia za vito wakati wa mapumziko, kazi aliyofundishwa na babu yake, na siku moja mwenzake alimrushia neno hilo kwa namna iliyochekesha sana. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka. Hakulia wala hakuja kushtaki. Alichofanya ni kuacha kuinua mkono. Nililigundua hilo mwishoni mwa muhula, nilipokuwa nikijaza ripoti na kutafuta la kuandika kumhusu, nikakumbuka kwamba sauti yake sikuwa nimeisikia kwa wiki saba au nane. Kofia nayo sikuiona tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mwenzako mmoja wa kuaminika ukae naye karibu, kwa maana anayeonewa akiwa peke yake huonewa zaidi. Andika daftarini tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha mpelekee mwalimu mshauri ukurasa huo badala ya malalamiko ya jumla, kwa sababu "wananisumbua" ni rahisi kusahauliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kunyanyaswa kiakili kama inavyokataza kuchapwa. Ukiguswa mwilini, mwambie mamako siku hiyo hiyo, hata kama ana shughuli za karai.

Nikiwakataza wanafunzi wa chuo cha Kurani wasitamke neno hili, je, wazazi hawataniona nimekihalalisha kitendo chenyewe? (Ustadhi, Majengo)

Ustadhi wangu, hukumu ya kitendo waijua kuliko mimi, na safu hii haikuundwa kuijadili. Ila watoto wanapoitana hivyo wakitoka chuoni hawajadili kitendo; wanapeana majina. Hapo una aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na una aya ya nne ya Suratun Nur, ambayo kwa anayewasingizia uzinzi wanawake watahirifu bila kuleta mashahidi wanne imeweka viboko themanini. Ikiwa mtu mzima anadaiwa mashahidi wanne kabla ya kuugusa utu wa mwenziwe, mtoto wa miaka kumi na miwili ameruhusiwa na nani kuurushia bila hata shahidi mmoja? Mzazi akikulaumu, msomee. (Wasomaji Wakristo wanayo Mathayo 5:22, na haina upole zaidi.)

Nawe unakumbuka Mtwapa, Februari 2010. Ulianza uvumi wa harusi ya wanaume wawili, harusi ambayo hakuna aliyeiona, ukaishia kwa umati kukizingira kituo cha afya na watu kupigwa kwa kudhaniwa tu. Waliokuwa kwenye umati ule walilijua neno hilo tangu utotoni, na wengi wao bila shaka walilianza kama utani.

Kocha wetu hutuambia "mnacheza kama mashoga" kila tukifungwa. Ni mtu mwema. (Mchezaji, Changamwe)

Nahodha amwendee faraghani, si mbele ya timu. Kocha aliyeliona kosa hulitaja: beki wa kushoto alichelewa kurudi.

Binti yangu wa miaka 15 alisambaza kwenye WhatsApp video ya mvulana anavyotembea, na wenzake wakamwandikia matusi hayo. Mamake mvulana anasema atakwenda polisi. Kuna sheria kweli? (Baba, Bamburi)

Ipo. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya mwaka 2018 inahesabu unyanyasaji wa aina hiyo kuwa jinai, na mtu mzima akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Mtoto hushughulikiwa kwa utaratibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, lakini usikae ukingoja utaratibu huo. Nendeni leo nyumbani kwa mvulana, wewe, mkeo na binti, na aombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya yule mama. Kisha aandike kwenye kundi lile lile kwamba alikosea na kwamba kila mmoja aifute video.

Na kama wanachoniita ni kweli? (Miaka 17, hakutaja mtaa)

Mwanangu, barua yako ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, nami nimeisoma mara nyingi. Nitakuambia ukweli kuhusu sheria, kwa sababu utaambiwa mengi ya uongo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, tulivyoachiwa na Waingereza, vinaadhibu vitendo, kwa kifungo cha hadi miaka 14 na mitano, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Hakuna kifungu kinachomwadhibu mtu kwa alivyo moyoni, wala kwa sauti au mwendo wake. Mahakama ya Rufani, ikikaa hapa hapa Mombasa mwaka 2018, iliamua kwamba kuwalazimisha watu kupimwa miili ili kuthibitisha tuhuma kama hizi ni kinyume cha Katiba. Kesi yenyewe ilitoka Ukunda. Na Shirika la Afya Duniani liliacha kuorodhesha hali ya mtu kuvutiwa na wa jinsia yake miongoni mwa maradhi tangu 1990, kwa hiyo atakayekutaka ulipie tiba anataka pesa zako.

Hakuna anayekudai jibu. Usishinikizwe kumwambia mtu, wala usiandike kwenye simu ambayo wengine huishika. Ukitaka kusema, mchague mtu mzima uliyemwona akitunza siri ya mtu mwingine. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, piga 116, simu ya watoto isiyo na malipo, inayopokewa usiku na mchana. Unaweza kuanza kwa kusema tu kwamba darasani hakukaliki.