Barua kwa mwanangu: kitanda kilichoyumba

Mwanangu Salma,

Ulipopiga simu uliuliza kwa nini ulitapika chomboni kutoka Mkoani, Pemba, hadi bandari ya Malindi, Unguja, huku mimi nikila maandazi yangu, na kwa nini usiku kitanda kilikuyumbia kama hujashuka chombo.

Kwanza ishike barua hii isitikisike, kisha tikisa kichwa kama mtu anayekataa. Unasoma, sivyo? Sasa tuliza kichwa, uitikise karatasi kwa kasi ileile. Maneno yamevurugika. Sikio la ndani lina mifereji mitatu yenye maji. Kichwa kikigeuka, maji yanachelewa, vinywele vinapinda, na macho yanapelekewa habari mara moja, yakageukia upande wa pili. Karatasi ikitikisika, sikio halina la kusema, macho yanaikimbiza peke yao.

Humo humo mna vijiwe vya chokaa, vidogo mno, vinavyoujulisha ubongo chini ni wapi. Nyayo, viungo na shingo nazo zina lao. Ubongo unawasikiliza wote, ila unamsadiki zaidi yule anayeaminika wakati ule: gizani nyayo, kwenye mchanga unaodidimia macho.

Wewe ulikaa chini umeinamia simu. Macho yakasema tumetulia. Masikio, kwenye mkondo wa Nungwi na kusi ile, yakasema tunapanda tunashuka. Mabishano hayo ndiyo yaliyokutapisha, si pweza wangu uliyemsingizia! Mimi nilikuwa juu natazama upeo wa bahari, ushahidi ukawa mmoja.

Kuanzia 1958 watafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani waliwapima wanaume 11 viziwi wa Gallaudet, chuo cha viziwi huko huko Marekani. Karibu wote walikuwa wameharibiwa masikio ya ndani na homa ya uti wa mgongo. Wakapandishwa meli karibu na Nova Scotia, Kanada, bahari ikachafuka. Watafiti hoi kwa kichefuchefu, wale viziwi wanacheza karata. Sikio lisiposema kitu, macho yatabishana na nani?

Ama kitanda, ni kwamba ubongo ulikwishazoea mawimbi ukawa unayafidia. Nchi kavu ukaendelea kufidia yasiyokuwepo. Kwa kawaida huisha kwa saa chache, au siku moja mbili. Kama bado kinayumba, nenda kwa daktari wa masikio, usinifiche.

Ukija Idi tutakaa juu pamoja. Simu utanipa niiweke mkobani.

Mamako